Mama Mbona, Aliyeomba kwa Kugombana

Ndugu na jamaa, majirani, walimu wa udereva, wanafunzi wake wa zamani mliojaa katika uwanja huu ambao siku nyingine huwa wa koni na matairi, na ninyi wachache mliotoka kanisani asubuhi hii bila kutumwa na mtu, tunawashukuru kwa kuja, na kwa niaba ya familia nasimama hapa, mimi mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, aliyekuwa mke, mama na bibi, ambaye karibu nyote mlimwita Mama Mbona, naye akaitika bila kununa. Kabla sijaanza, familia inataka ifahamike kwamba juzi tuliombwa, kwa upole kabisa, turuke sehemu moja ya maisha yake ili mambo yaende vizuri, tukakaa, tukazungumza, tukakata kauli kwamba haturuki kitu, kwa sababu ukiiondoa sehemu hiyo anayebaki ni mtu mwingine, na huyo mwingine hatumjui wala hatujafiwa naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya matairi, baba yetu akiwa fundi wa kuziba pancha na mama yetu akiwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mama alikuwa akituhadithia kwamba dada yetu mkubwa alipozaliwa alilia kidogo, akanyamaza kwa adabu kama mtu aliyekaribishwa ugenini, lakini huyu wa pili alilia mpaka mkunga akawa anamfunga kitovu huku akimbembeleza, "Haya, haya, tumekusikia." Mama mwenyewe alikuwa na tabia ya kuongea peke yake akisugua mashuka kwenye karo, mara analalamika, mara anacheka, mara ananyamaza kidogo kama anayesubiri jibu, na marehemu alipokuwa mdogo wa kushika sketi alimuuliza anaongea na nani, mama akamjibu bila kuinua kichwa, "Na yule ambaye hawezi kuondoka kabla sijamaliza." Dada yetu mkubwa naye alikuwepo pale karoni akisuuza, akalisikia jibu hilohilo, ila kila mmoja wao alilibeba kwa namna yake.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1966, na huko walimu walimkumbuka kwa mwandiko mzuri na kwa jambo moja lililotokea akiwa darasa la tano, alipochaguliwa kuongoza sala ya asubuhi mbele ya shule nzima na mbele ya wageni waliokuja kukagua. Wenzake walizoea kuomba kwa maneno yaliyokaririwa, ya kuomba hekima na utii, lakini yeye alisimama pale mstarini, akafumba macho, akasema, "Mungu, choo cha wasichana kimeziba tangu Jumatatu, mwalimu mkuu ameambiwa, sasa tunakuambia Wewe, amina." Mwalimu mkuu alitabasamu mbele ya wageni, na wageni walipoondoka akampa adhabu ya kufagia uwanja peke yake hadi mwisho wa muhula, kwa kosa la kufanyia mzaha mambo matakatifu, naye aliufagia bila kinyongo, kwa sababu choo kilizibuliwa wiki ileile, na tangu siku hiyo wasichana wenzake walikuwa wakimfuata saa ya mapumziko wakimpa shida zao azifikishe, huyu baba yake kafukuzwa kazi, yule anaogopa mtihani wa hesabu, naye hakumkatalia mtu. Alimaliza masomo ya sekondari mwishoni mwa mwaka 1977.

Baada ya shule alikaa kwa mjomba, dereva wa lori la mizigo, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume wa kumrithisha kazi, akaona si neno, akamfundisha mpwa wake kuendesha, kubadili tairi na kuisikia injini inapolalamika. Alipata leseni yake mwaka 1979, na mwezi Februari 1981 aliajiriwa kuwa mwalimu katika shule hii ya udereva, mwanamke pekee kati ya walimu wote, katika gari dogo jeupe lenye breki ya pili upande wa abiria. Wanaume waliokuja kujifunza walikuwa wakifungua mlango, wakikaa na kumuuliza mwalimu yuko wapi, naye huwajibu, "Umeukalia mkoba wake, inuka."

Na hapa ndipo jina lilipotoka, maana marehemu aliomba ndani ya gari lile kama watu wengine wanavyopiga soga. Kabla ufunguo haujazungushwa alisema, kwa sauti ya kawaida, macho wazi, "Haya, sisi hao, huyu kijana hajui breki iko wapi, Wewe unajua na mimi ninajua, basi tusimwache," na wakishaingia barabarani mazungumzo yaliendelea, mbona umemleta huyu mwenye lori sasa hivi, mbona mvua leo na tulikubaliana jana, mbona mtoto wa jirani bado anakohoa na nilikwambia tangu asubuhi. Mwanafunzi mmoja, mhasibu, mtu mzima na kitambi chake, alichanganyikiwa mpaka akasimamisha gari katikati ya barabara, akageuka, akauliza, "Mwalimu, unaongea na mimi?" naye akamwambia, "Wewe nakufundisha, ninayeongea naye ni mwingine, ondoa gari njiani." Mhasibu huyo yupo hapa leo, nimemwona akicheka na kujifuta macho kwa pamoja.

Tarehe 12 Mei 1984 marehemu alifunga ndoa kanisani na fundi rangi mmoja mpole, mzee wetu huyu aliyekaa pale mbele, ambaye alikuja kujifunza kuendesha akafeli mtihani, akarudi, akafeli tena, na wenye midomo yao walisema alifeli makusudi, naye hadi leo hajakana. Ilikuwa ndoa ya mtu anayesema na mtu asiyesema, kwa kuwa shemeji huomba kimya, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, bila hata kutikisa midomo, na katika miaka ile ya mwanzo alikuwa akimwambia mkewe jioni jikoni, "Mama watoto, majirani wanasikia," naye humjibu, huku akisugua sufuria, "Wakitaka kuchangia waje, mlango uko wazi." Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume mwaka 1985, wa pili wa kike mwaka 1988, na wa tatu wa kike mwaka 1992, na wakajenga nyumba yao katika kiwanja alichotuachia baba, wakipakana ukuta kwa ukuta na dada yetu mkubwa, mshonaji wa sare za shule, ambaye wakati huo alikuwa tayari mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha akina mama na mtaa mzima ukimwita Mama Maombi.

Hao walikuwa dada wawili waliopendana, tusije tukaeleweka vibaya, walioshonana nguo na kunyonyesheana watoto, lakini katika suala hili moja kila mmoja alimwona mwenzake amepotoka. Mama Maombi aliamini kwamba mbele ya Mungu mtu huenda amenawa, amepanga maneno, ametanguliza shukrani, kama unavyokwenda mbele ya mkubwa yeyote mwenye kuheshimiwa, naye alikuwa akimwambia mdogo wake, "Yule si jirani yako, mdogo wangu," na marehemu humjibu, "Basi amehamia karibu bila kuniambia, maana kila nikiita yupo." Mtaani walisema kwamba Mungu wa nyumba hizo mbili hapati nafasi hata ya kukohoa.

Sasa nafika kwenye sehemu tuliyoombwa kuiruka.

Mtoto wa pili wa marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Kioo, kwa sababu tangu akiwa na miaka minne alipenda kupanda kiti cha nyuma wakati mama yake akifundisha, na mwanafunzi akiondoka bila kutazama nyuma alisikia kisauti kikimwambia, "Umesahau kioo," mtoto huyo alipatwa na homa ya uti wa mgongo mwezi Agosti 1997, akalazwa wadi ya watoto, kitanda cha dirishani. Watu husema marehemu hakujua kuomba ipasavyo, kwa hiyo na wasikie leo kwamba siku zile za wadini aliomba ipasavyo kuliko yeyote kati yetu, alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, alifunga, alirudia neno kwa neno sala alizofundishwa na dada yake, alitanguliza shukrani kwa uponyaji ambao haujaja kama alivyoelekezwa, wala hakuuliza swali hata moja, hakusema mbona, aliogopa kwamba pengine adabu ndiyo iliyokuwa imepungua miaka yote. Kioo alifariki Alhamisi asubuhi, mama yake akiwa bado amepiga magoti.

Makaburini, baada ya kaburi kufukiwa, Mama Maombi aliongoza sala, na kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ndivyo alivyojua kumsaidia mtu asianguke, aliwataka wote waseme asante kwa pamoja, watu wakasema, kisha akamgeukia mdogo wake aliyekuwa kimya, akamshika mkono, akamwambia, "Sema asante, mdogo wangu, mwambie asante upate nafuu." Marehemu aliuchomoa mkono wake, akainua uso, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wamesimama kule barabarani, "Sina asante leo. Umenichukulia mtoto nikiwa nimepiga magoti, nieleze. Na kama huna la kusema, mimi ninalo, na utanisikiliza, leo na kesho na mpaka nichoke, na sitachoka." Watu walishikwa na butwaa, wengine wakaanza kuimba ili kuifunika sauti yake, yeye akaendelea kusema chini ya wimbo, mume wake akiwa amesimama kando yake bila kumvuta wala kumnyamazisha, na kwa hilo, shemeji, familia yetu inakuheshimu mpaka leo.

Wiki chache baadaye marehemu aliitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa, katika chumba kile kidogo cha nyuma chenye meza ndefu na viti vya plastiki, ashtakiwe kwa kukufuru kaburini, na aliyetakiwa kuthibitisha maneno yake alikuwa dada yake, ambaye alithibitisha, akilia, kwa sababu aliulizwa na hakujua kusema uongo. Mwenyekiti wa baraza alimweleza marehemu, bila ukali, kwamba kanisa linaelewa uchungu wa mzazi, ila zile zilikuwa kelele tu, maombi yana utaratibu wake, na kinachotakiwa ni asimame Jumapili mbele ya washiriki aombe radhi, jambo liishe. Marehemu alimuuliza, "Mzee, mwanangu alipokuwa anaungua homa usiku ule aliniita kwa utaratibu gani?" Mwenyekiti akaanza kurudia habari ya utaratibu. "Aliniita akipiga ukuta mateke," marehemu akasema, "na nilijua ananiita mimi, sikumwambia apange maneno kwanza. Nikiomba radhi nitamwomba Yeye niliyesema naye, na Yeye hajaniambia kama ameudhika." Walimpa muda wa kufikiri, akasema ameshafikiri, basi jina lake likafutwa miongoni mwa washiriki, na tangu mwezi Oktoba 1997 hakukaa tena kwenye benchi la kanisa.

Lakini jamani, hakuacha kufika. Kila Jumapili alimpeleka mume wake na watoto kwa gari, akaegesha nje ya ukuta, akafungua kioo cha dirisha, akakaa humo, na shemeji alipomwambia kwamba naye atabaki nje, alimkatalia, akasema, "Nenda, mmoja akisusa inatosha, tukisusa wote nani atatuletea habari?" Kwa hiyo shemeji alikaa miaka yote kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na mahubiri yakiendelea ndani, wapita njia walimsikia mwanamke peke yake garini akisema na mtu. Kuna waliodhani amerukwa na akili, kuna mwalimu mwenzake aliyemshauri kwa siri aende kwa daktari wa akili, naye alicheka sana, akasema daktari huyo naye angemwambia afumbe macho na kupumua, na yeye kupumua anajua.

Tunasema mbele yenu nyote kwamba yale yalikuwa maombi. Alipokuwa akiosha vyombo na kugombana, aliomba. Alipokuwa kwenye foleni ya benki akinong'ona mbona mama huyu mzee anasimamishwa muda wote huu, kisha akaenda kumtafutia kiti, aliomba, na alipomshikia usukani mwanafunzi aliyekuwa akitetemeka, akasema na yule mwingine kwanza kisha na mwanafunzi, aliomba, wala hatuhitaji cheti cha mtu yeyote kutuambia.

Mwaka 2004 mtoto wake wa kiume, ambaye alifuata kazi ya baba yake, alianguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, ghorofa ya pili, akavunjika mkono tu, na walipomleta nyumbani na bendeji yake, dada yetu mkubwa alisimama upande wake wa ukuta, mkasi na kitambaa mkononi, akisikiliza atasema nini. Marehemu alikuwa kwenye sinki, sahani mkononi, akasema, "Asante. Umemdaka huyu, nimeona. Mbona yule hukumdaka?" akaisuuza sahani ile, akasema tena, taratibu, "Lakini asante, asante sana, na lile jambo letu bado lipo, usidhani nimesahau." Mama Maombi alituambia kwamba siku ile alikaa chini juu ya marobota ya vitambaa, sare za watoto hazikushonwa tena mpaka jioni, kwa sababu alikuwa akingoja asante ile kwa miaka saba, na ilipokuja hakuitambua mara moja kuwa ndiyo.

Mwanzoni mwa mwaka juzi sauti ya marehemu ilianza kukwaruza, wanafunzi wakafanya mzaha kwamba wamemkausha koo kwa kufeli, naye akatania pamoja nao, mpaka madaktari walipompima wakagundua saratani ya koo. Walimweleza wazi kwamba ili aishi ni lazima waondoe sehemu ile inayotoa sauti, na kwamba hatasema tena, akawauliza hakuna njia nyingine, wakasema hakuna, akatoka nje akakaa garini mchana mzima, na alichokisema mle ndani hatukijui. Alifanyiwa upasuaji tarehe 3 Julai mwaka huohuo. Baada ya hapo wako watu, tunawajua, waliosema kwamba Mungu amemfunga mdomo, wakalisema kwa sauti ya huruma, na sisi tunawajibu leo kwamba mwezi wa tatu baada ya upasuaji marehemu alirudi kazini, akafundisha kwa kugonga dashibodi, pigo la kiganja kwa breki na la kidole kwa kioo, na kila asubuhi kabla ya ufunguo kuzungushwa aliangalia juu, akanyoosha mikono kama mnunuzi anayeuliza bei hii ni ya wapi, akakunja uso, akatikisa kichwa, kisha akampa mwanafunzi ishara waondoke.

Ugonjwa ulirudi mwaka huu, akalazwa, na dada yake mkubwa alifunga cherehani yake, akahamia hospitali kumuuguza, akimwogesha, akimkata kucha, akimlisha uji kwa kijiko. Alasiri moja, saa ya kuwatazama wagonjwa, wadi ikiwa imejaa watu na vikapu, marehemu alimnyooshea dada yake kidole, kisha akaonyesha juu, kisha akagusa kovu la koo lake. Mama Maombi alielewa anatakiwa amwombee, akapiga magoti, akaanza kama alivyozoea, "Baba mwema, tunakushukuru kwa yote," na marehemu akapiga kitanda kwa kiganja, pa, akatikisa kichwa. Dada akaanza upya, "Mwenyezi, tunajinyenyekeza," pa, kitanda kikapigwa tena. Dada akamwambia, "Sasa unataka nisemeje, mdogo wangu, mimi hiyo yako siiwezi," na marehemu akamwangalia tu, kwa macho yale ya kumngoja mwanafunzi aondoe mguu kwenye breki.

Mama Maombi aliinua uso, akatazama dari. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mbona?" Akasikiliza kama vile dari itamwangukia. Akasema tena, "Mbona yeye? Mbona sauti, ulikosa kingine cha kuchukua? Na mbona Kioo, nilikuahidi kwa niaba yako, nilimwambia mdogo wangu atangulize shukrani, utaponya, nilimwambia mimi, ukaniacha nimesimama pale kaburini sina la kumpa!" Sauti ilipanda, wageni wa vitanda vingine wakageuka, muuguzi akaja akikimbia akidhani mgonjwa amefariki, akamkuta mama mtu mzima, mwenyekiti wa kikundi cha maombi, ananyoosha kidole juu na kumkaripia aliye juu huku machozi yakimtoka, na mgonjwa amefumba macho, ameushika mkono wa dada yake, uso umetulia. Muuguzi akauliza, "Kuna nini hapa?" na Mama Maombi akamjibu, "Tunaomba."

Marehemu alifariki Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, mume wake, dada yake na watoto wake wawili wakiwa kando yake.

Siku iliyofuata baraza la wazee lilimwita Mama Maombi katika chumba kilekile cha viti vya plastiki, likamwambia kwamba linataka kuisaidia familia, mwili uingie kanisani, kwaya iimbe, mazishi yawe ya heshima, na kwa kuwa marehemu hakuwa na sauti siku zake za mwisho, nani ajuaye, huenda alitubu moyoni, kwa hiyo yeye aliyekuwa naye kitandani atoe tu neno kwamba aliona dalili za toba. Ilikuwa rahisi, ndugu zangu, neno moja, na mwenye kulipinga amelala na hawezi kusema. Dada yetu hakusema uongo mbele ya meza ile mwaka ule, na safari hii pia hakusema, alisimama, akawaambia, "Hakutubu. Aliomba mpaka mwisho, na mwisho aliomba kwa mdomo wangu. Kama yale si maombi, basi nifuteni na mimi." Wakamsihi akae, afikiri, yeye ni mtu wao tangu ujana, akawaambia, "Nimefikiri miaka yote hii, ila nilikuwa nafikiri upande wangu wa ukuta," akaweka funguo za chumba cha kikundi cha maombi juu ya meza, akatoka. Ndiyo maana leo tupo hapa uwanjani na si kule, na ndiyo maana aliyetuongoza sala ya kufungua asubuhi hii ni yeye, na mliomsikia mmeona kwamba hakuwa na maneno mengi ya kupanga. Hatuombi radhi kwa niaba ya marehemu, kwa sababu hakututuma.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, dada na kaka, na madereva wengi barabarani ambao mkono wake uko kwenye usukani wao bila wao kujua. Familia inawashukuru madaktari waliomwambia ukweli bila kuuzungusha, wauguzi wa wadi ile walioturuhusu kupiga kelele, majirani waliosikia sauti za pande mbili za ukuta kwa miaka yote bila kuleta malalamiko, walimu wenzake walioamka mapema kuondoa koni na kupanga viti, na ninyi wanakwaya mliovaa nguo za kawaida mkaja kuimba, tunajua mtakachoulizwa mkirudi, na tunaomba mjibu kama mlivyoona.

Pumzika kwa amani, dada, na safari hii ujibiwe.